Msumari wa Bibi Selma

Bibi Selma Hartogs alikufa Jumanne. Wiebe Terpstra anastaafu leo, Alhamisi, baada ya miaka thelathini na moja hapa jumba la picha za kuchora, Haarlem, Uholanzi. Wameniambia maneno ya kumuaga niandike mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nambebea Wiebe picha.

Kazi ya Wiebe ni kutafuta picha ya zamani ilikuwa ya nani, na kabla ya huyo ya nani, mpaka kule vitani Wayahudi walikoporwa. Anaanzia mgongoni mwa picha, kwenye mihuri. Mbele haangalii sana. Nimemgeuzia picha mpaka kiuno kimepinda.

Kuna ile ya samaki na limau. Muhuri wake ulimpeleka Antwerpen, akahangaika na ukoo mmoja miaka minne. Kumbe sio wao. Siku moja akaingia Bibi Selma na mkongojo, akasimama mbele ya picha hiyo.

"Picha yetu hiyo. Fremu si yetu."

"Bibi, muhuri uko kwenye fremu," Wiebe akamwambia.

"Basi umemtafuta mwenye fremu. Itoe. Kona ya chini imeungua. Baba aliitundika juu ya jiko, mama akamnunia wiki nzima."

Nikaitoa. Kona imebabuka kweli. Wiebe akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaanza upya, safari hii akifuata picha yenyewe, dalali kwa dalali.

Bibi akarudi kwenye nyumba ya wazee, akataka apigiliwe msumari ukutani wa kuitundikia. Wiebe akienda kwake kunywa kahawa, anaulizwa, "Kijana, msumari wangu uote kutu?" Kijana mwenyewe ana sitini na saba.

Jana wakubwa wamekubali picha irudi kwa kina Bibi Selma. Jana.

Wiebe si mtu wa maneno. Mke wangu alipokufa alikuja na sufuria ya supu ya njegere, akaosha vyombo, akaondoka. Leo keki ya kuagwa kaileta mwenyewe, kama kawaida yetu huku, anayeagwa ndiye huileta. Hakuigusa.

Asante, Wiebe. Upumzishe mgongo. Barafu ikishika kwenu Friesland, uvae viatu vya barafu uteleze mpaka uchoke.

Chumba cha Bibi kinakabidhiwa Jumamosi. Asubuhi Wiebe kanifuata stoo.

"Kobus, kesho tukaitundike. Binti yake kakubali."

"Umestaafu, mzee."

"Msumari bado upo."

Basi tumemuaga, keki imeliwa. Kesho anarudi kazini.