Mchungaji Bila Fimbo

Benchi la kahawa la Abiba linatazamana na ukuta wa duka la Abdillahi, na wiki hii wateja wake wamekuwa wakinywa macho yakiwa ukutani. Binti mmoja mchoraji, Kiende, amechora pale mzee ameketi chini kando ya ng'ombe aliyekufa, mikono mitupu. Leo Abdillahi ametoka na mkebe wa rangi nyeupe, maana wanunuzi wanalalamika kwamba mzoga unawakata hamu ya unga. Sharamo, aliyehamia mjini baada ya ukame kummalizia mifugo kule Kulamawe, hakutaka picha ifutwe. Aseme nini, hakujua. Alizungusha kikombe mkononi.

— Futa tu, Abdillahi, alisema Kirigia, muuza miraa wanayemwita Profesa. Picha haijawahi kufundisha mtu kitu. Na hiyo ni ya uongo. Mchungaji gani hana fimbo?

— Hapo umesema, akadakia Huqa, ambaye wao humwita Redio kwa kuwa hazimiki. Mimi nimezaliwa Sericho, kwa wafugaji. Mborana aache fimbo? Hata akienda kuoga iko karibu. Huyo msichana ni wa shamba, hajui hiyo maneno.

— Basi si mchungaji, alisema Kirigia. Ni mtu wa shirika la misaada, amekuja kupiga mzoga picha, simu ikaisha chaji.

— Ama ni mwizi, alisema Huqa. Fimbo ameficha ndio asijulikane.

— Ng'ombe ya wizi haikaliwi matanga, bana, Kirigia akajibu. Mimi naona huyo mzee ameshiba, anasinzia.

Sharamo hakucheka; alikuwa akiitazama ile mikono mitupu. Siku ng'ombe wake wa mwisho alipoanguka, aliilaza fimbo yake juu ya mzoga, akaondoka, kwa kuwa hakuwa na wa kumchunga tena. Hakumwambia mtu. Huyo Kiende, ambaye hata hawajuani, alijuaje? Jambo hilo lilimuumiza na kumfariji kwa pamoja.

Abdillahi alichovya brashi.

Ntinyari, karani aliyehamishwa majuzi kutoka Meru, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake.

— Habari zenu, wazee. Huyu akiamka hapo, ataenda wapi?

Rangi ilidondoka kwenye viatu vya Abdillahi, naye asione.

— Atakuja mjini, Sharamo akasema. Atakaa benchi na watu, wamwambie ng'ombe ni ng'ombe tu, atanunua ingine.

Maneno hayo Kirigia ndiye aliyemwambia Sharamo alipofika mjini, na sasa aliyatambua. Akamgeukia Sharamo.

— Mzee, ile ng'ombe yako ya mwisho ilikuwa rangi gani?

Abdillahi alifunika mkebe, akavuta jerikeni, akaketi juu yake. Sharamo alijisogeza karibu na Kirigia, akaanza kumweleza.