Mkaguzi Mwenye Mafua Hasaini

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliokuja kumsindikiza, huyu tunayemzika leo mlimwita Bwana Tone, wengine mkimtania usoni na wengine nyuma ya mgongo, na alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi wa boila na mama mshona magunia, na inasemekana alitoa ulimi kwanza ndipo akalia, habari ambayo shangazi yetu, aliyeketi hapo mstari wa mbele, yuko tayari kuiapia.

Alianza shule ya msingi, ile iliyo mkabala na soko la samaki, Januari 1968, akamaliza 1974, akaendelea na sekondari hadi 1978, ambako alianguka vibaya katika uchoraji na kuwapita wote katika kemia, kisha Septemba 1979 akajiunga na chuo cha mabaharia, akapata cheti Juni 1982, na tarehe 2 Agosti mwaka huohuo akaajiriwa bandarini, kwanza kama mpima kina cha matangi, na kuanzia 1994 kama mkaguzi wa maji ya balasti.

Kwa wasioijua kazi hiyo, meli isiyo na shehena hujaza maji matangini ili isiyumbe, ikifika inakokwenda kupakia huyamwaga, na ndani ya maji hayo husafiri mayai ya kaa, vipande vya mwani na kome wachanga wasioonekana kwa macho, wageni ambao wakishatua hawang'oki, ndiyo maana kanuni ya bandari ilizitaka meli zibadilishe maji hayo katikati ya bahari kuu, naye mkaguzi alitakiwa kuchota kidogo tangini na kupima chumvi, kwa kuwa maji ya bahari kuu yamekolea na ya bandari za mitoni hayajakolea. Marehemu alikuwa na mazoea yake, kabla ya kugusa kipima chumvi alichovya kidole, akaweka tone moja kwenye ulimi, akataja namba, kisha kipima kikaja kukubaliana naye, na hapo ndipo lilipotoka hilo jina.

Tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa mama yetu, karani wa posta, na kila Jumamosi jioni walishuka wawili hadi kwenye miamba ya ghuba, viatu mkononi, wakatembea miguu mitupu mpaka maji yanapoanza, mama akimcheka kwamba anatembea kama mtu anayekanyaga mayai, yeye akijibu kwamba angalau yeye haongei na mawe. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1988, wa pili 1993, na wa mwisho 2001, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Sasa tunafika mahali ambapo historia nyingi za marehemu hupiga kona, na marehemu mwenyewe alikataza kona hiyo, akasema waziwazi, "Ukiisoma, isome na tarehe 9 Agosti 2006, la sivyo usiisome kabisa." Siku hiyo kipima chumvi kilikuwa kimevunjika, miezi minne sasa, barua tatu za kuomba kingine zilikwishakwenda ofisi ya wakubwa na hakuna hata moja iliyojibiwa, ijapokuwa ofisi hiyohiyo ilipata nafasi ya kubadilisha mapazia mara mbili, na Baba alipanda meli iliyotoka bandari ya mtoni akiwa na mafua makali, ulimi umekuwa kama ubao. Alionja tone, hakusikia kitu, nahodha akamwonyesha daftari lililosema maji yamebadilishwa, mabaharia wamesimama wanamtazama Bwana Tone asiyekosea, naye akaona aibu kusema hajui, akasema, "Yamekolea," akasaini.

Mwaka uliofuata kome wadogo wenye mistari, ambao hakuna aliyewahi kuwaona hapa, walionekana kwenye nguzo za gati, na kufikia 2009 walikuwa wameifunika miamba yote ya ghuba, magamba yao makali kama wembe, na tangu hapo hakuna aliyetembea tena pale miguu mitupu. Mama alifariki tarehe 3 Juni 2014 bila kuikanyaga tena miamba ile, na kandambili za mama, Baba aliziacha palepale mlangoni, akazifuta vumbi kila Jumamosi, akaketi kibarazani ameelekeza uso ghubani mpaka giza likaingia.

Kome walipoenea, aliandika ripoti ya kujishtaki mwenyewe, mkubwa wake akamrudishia akimwambia, "Mzee, usijichongee, funika hii," kwa maana ripoti hiyo ingeuliza pia kipima kilikuwa wapi. Miaka baadaye binti yake wa mwisho, ambaye chuoni hupigiwa makofi kwa kubishana kwenye midahalo, alimtetea kwa hoja zote alizokuwa nazo, kwamba meli arobaini ziliingia mwezi ule, kwamba yoyote kati ya hizo ingeweza kuwaleta wale kome, kwamba mwenye kosa ni aliyezilalia barua, naye akasikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Hizo nyingine nilizionja nikasikia, mama." Leo mtoto huyo anasoma yote mawili mbele yenu, kwamba Baba alisaini asichokijua, na kwamba waliomnyima kifaa wamestaafu kwa mashada ya maua, na hatapunguza neno hata kwa hili wala kwa lile.

Kipima kipya kilifika Februari 2010, lakini kabla yake Baba alikuwa amebandika karatasi mlangoni mwa ofisi, MKAGUZI MWENYE MAFUA HASAINI, na hadi leo wakaguzi wakikutana asubuhi huulizana kwanza, "Pua yako inasemaje?" ndipo wakapeana habari za nyumbani. Alistaafu tarehe 14 Machi 2021.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2020, akakatazwa chumvi, akalazwa mara nne, na tarehe 29 Aprili 2023 aliomba aletewe maji ya ghuba, chupa moja, kutoka pale alipokuwa akisimama na mama. Daktari aliruhusu tone moja tu. Binti yake huyohuyo alimwekea ulimini, akangoja, akimtamania hata neno moja, naye akafumba macho muda mrefu, midomo ikitafuta, kisha akasema, "Sisikii kitu, mama. Usije ukaandika kwamba nimesikia." Alifariki tarehe 2 Mei 2023, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa yule aliyehesabu tone lile kuwa dawa, majirani mliopokezana kukaa naye, na ninyi wakaguzi mliomaliza zamu na kuja moja kwa moja na mabuti yenu.

Baba, hatukuandika kwamba umesikia. Pumzika sasa, miguu mitupu, na amani ikupokee kule aliko mama.