Historia ya Polikarp Teodori, Aliyeitwa Mla Kengele

Nyie mnaoguna huko nyuma karibu na mlango, guneni sasa mmalize, maana historia ya marehemu haisomwi kwa kubishana, na kama yupo aliyekwisha kuamua moyoni kwamba haya ni maneno ya dada anayemsafisha mdogo wake kwa kuwa amekufa, basi akae, afunge huo mwavuli unaochuruzisha maji, asikilize mpaka mwisho ndipo abishe. Hakuna atakayesafishwa hapa ila yule ambaye hakuwahi kuchafuka. Historia hii imeandikwa na Marsiana Teodori, dada mkubwa wa marehemu, aliyeishia darasa la nne, kwa mkono wake, anaisoma mwenyewe, na kila atakapotajwa humu atatajwa kwa jina kama wengine, kwa sababu karatasi ya msiba haina "mimi".

Marehemu Polikarp Teodori Kornel alizaliwa hapa Kasense tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Teodori Kornel na mama Paskazia, wakulima wa mahindi na ulezi, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo, akabebwa mgongoni na Marsiana kwa miaka miwili, akamchania kanga zote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, kisha Januari 1977 akaenda kujifunza ufundi wa chuma kwa mtawa mmoja, Bruda Flavian, aliyekuwa na karakana mjini Sumbawanga. Bruda huyo alikuwa na injini ndogo ya mvuke dirishani, ndogo kiasi cha kukaa juu ya sahani, aliyoiunda kwa kujifurahisha tu, na siku moja ilianguka, gurudumu lake zito linaloifanya izunguke bila kusitasita, ambalo mafundi wanaliita flaiwili, likavunjika spoku mbili. Polikarp, akiwa na miaka kumi na saba, akaomba alitengeneze upya. Alilitengeneza mara tisa likavunjika mara tisa, la kumi likakubali, na tangu siku hiyo akawa amepotea, maana mtu aliyeona kitu alichokitengeneza kwa mkono wake kikizunguka chenyewe humwambii tena habari za jembe akakusikia.

Kuhusu kazi, alirudi nyumbani Desemba 1979, akajenga karakana nyuma ya nyumba ya baba, akawa anatengeneza plau za maksai, bawaba na majiko, hiyo ndiyo iliyomlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye zile injini ndogo na flaiwili zake. Alichonga kwanza umbo la mti, kubwa kidogo kuliko gurudumu analolitaka, kwa kuwa chuma kikipoa kinajivuta, akalikandamiza kwenye mchanga aliouleta kutoka Muze, akalitoa, akamimina chuma alichokiyeyusha kutoka bloku za injini mbovu, akaliacha humo siku nzima bila kuligusa. Spoku zilizonyooka zilimsumbua miaka, pete ya nje inapoa mapema, kitovu cha katikati kina nyama nyingi kinachelewa, kikianza kujivuta kinazivuta spoku nazo hazina pa kwenda, zinakatika, mpaka mwaka 1985 akazipinda kama mundu, tano badala ya sita, zikapata pa kujinyoosha, hazikukatika tena. Akikereza na kusugua mpaka ling'ae, alilitundika kwenye uzi, akaligonga kwa msumari, akainamisha sikio. Likilia kwa muda mrefu alitabasamu, likitoa sauti ya chungu chenye ufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani, alilirudisha kwenye moto.

Watu walikuja kumwangalia, mzee mmoja wa Mwimbi akamwuliza, "Hii inasaga?" akajibu haisagi, "Inavuta maji?" akajibu haivuti, "Sasa inafanya nini, kijana wangu?" akasema, "Inazunguka, mzee," na yule mzee akakaa akaitazama mpaka maji yakaisha, asiulize tena. Kuanzia mwaka 2014, mpwa wake Calvin alipoanza kuzipiga picha kwa simu, watu wazima wa Mbeya, Arusha na nchi za mbali wanaounda injini kama hizo majumbani mwao kwa kujifurahisha wakawa wanaagiza flaiwili kwa Polikarp wa Kasense, wakati sisi majirani zake tulikuwa hatumwagizi hata bawaba.

Alifunga ndoa tarehe 8 Oktoba 1988 na Kalista wa Mwimbi, mko naye pale mbele, wakajaliwa watoto wawili, Jane aliyezaliwa mwaka 1990 na Nestory aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye amefika jana kutoka Tunduma baada ya miaka kumi na miwili ya kutokanyaga hapa, na sababu ya kutokanyaga ndiyo hii inayofuata.

Wageni waelewe kwamba kengele ya kanisa la kigango hiki haikuwa hili rimu la lori mnalolisikia siku hizi. Ilikuwa flaiwili kubwa ya mashine ya kusaga iliyokufa, imening'inizwa kwenye gogo hapo nje tangu mwaka 1983, ikigongwa kwa rungu la mti, na kuanzia mwaka 1996 mgongaji wake alikuwa Marsiana. Polikarp alimwonya zaidi ya mara moja, "Dada, usigonge kwa nyundo, chuma cha namna hii ni kigumu lakini hakivumilii, kitapasuka," naye Marsiana akamjibu mbele ya watu, "Haya fundi, nifundishe na kusali," watu wakacheka. Jumamosi tarehe 21 Novemba 2009, kesho yake ikiwa sikukuu ya Kristo Mfalme, saa kumi na mbili jioni, rungu halikuonekana, Marsiana akachukua nyundo. Aligonga mara moja, mara mbili, ya tatu ikatoka mbaya, akakasirika akagonga ya nne kwa nguvu zaidi, kengele ikaanguka vipande vitatu.

Sasa guneni.

Wiki mbili kabla ya hapo, Marsiana huyohuyo alikuwa amemsimamisha Stumai hapa mbele, mama mwenye mimba ya miezi saba, aombe radhi kwa waumini wote kwa kuvunja chemni ya taa. Kwa hiyo alivitazama vile vipande, akatazama njia, hakuna mtu, akavibeba kimoja kimoja akavitumbukiza kwenye shimo la choo cha zamani nyuma ya kigango, akaenda kupika. Asubuhi yake akapiga kelele kuliko wote kwamba kengele imeibwa.

Mnajua mlikoelekea. Mlikwenda kwa anayeyeyusha chuma. Mkakuta kwenye mchanga wake flaiwili mpya, bado ina joto, Fabiani, aliyekuwa mwenyekiti wa kigango wakati huo, akaiinua akasema, "Hii hapa kengele yetu, tayari ameshaipa miguu mitano," kisha akamgeukia Marsiana akauliza, "Mama Sharon, wewe ndiye dada yake, unasemaje?" Marsiana akasema, "Nitasema nini mimi, moto wake unakula kila chuma." Maneno hayo, hakuongeza na hakupunguza. Polikarp alimtazama, akafuta mikono, akasema, "Kama mmeamua, mmeamua," akarudi kwenye kazi yake.

Kwa maneno hayo alitolewa kwenye kwaya alikokuwa anaimba besi tangu ujana, alipojitolea kutengeneza kengele nyingine mkasema hamtaki kitu cha mwizi, Nestory akaitwa Mtoto wa Mla Kengele mpaka akaacha shule akaondoka, na marehemu mwenyewe, kwa miaka kumi na mitano, alitembea kwa miguu kila Jumapili kwenda kusali mjini, akipita mbele ya mlango huu, Marsiana akimwona, akijifanya anafagia.

Ugonjwa wa marehemu ulikuwa wa kifua, ulianza Septemba 2024, akalazwa mjini Sumbawanga tarehe 11 Januari 2025. Marsiana alimpelekea uji wa ulezi, na tarehe 2 Februari, akiwa ameshika kikombe, Polikarp akasema taratibu, bila hasira, "Dada, ile Jumamosi zile mbili za kwanza zililia vizuri, ya tatu ikalia kama chungu. Nilikuwa nasugua, nikasimama." Marsiana akamwuliza, "Ulijua siku zote? Mbona hukusema?" Akajibu, "Nilikuwa nasubiri useme wewe. Nikaona Krismasi atasema, nikaona Pasaka atasema." Ilikuwa nafasi ya mwisho, wodi ilikuwa na watu wanne tu, hata hao wangetosha kuanzia, na Marsiana akasema uji umepoa, akaenda kuosha kikombe. Marehemu alifariki dunia tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, akiitwa mwizi.

Hakuwa mwizi. Wanaume watakaotaka kuthibitisha wachimbe shimo lile, vipande vipo, chuma hakiozi. Na jana kamati ilipokaa ikasema rimu halitagongwa wakati jeneza la Mla Kengele linatoka, Marsiana alikuwa kwenye kikao hicho, akanyamaza hapo pia, kwa hiyo anawaambia sasa: ligongwe, ligongwe mpaka afike kaburini, na asiligonge yeye, tafuteni mtu mwenye mikono safi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumwuliza jina lake la mtaani, inamshukuru Stumai, ambaye ndiye aliyemfulia mashuka hospitalini wakati dada yake anaona aibu kukaa zaidi ya robo saa, inawashukuru mafundi wenzake na Calvin, na watu wa mbali waliotuma rambirambi kwa mtu waliyemjua kwa magurudumu yake tu, wakamjua vizuri kuliko sisi. Majirani wanashukuriwa kwa kuni na maji. Kwa mengine wasishukuriwe, wala Marsiana asishukuriwe kwa kuandika, maana ameandika baada ya masikio yaliyongoja kuzibwa pamba. Kalista, Jane, Nestory, hamwombwi kusamehe leo, leo mna kazi ya kuzika.

Pumzika, Polikarp, kwa amani ambayo dada yako aliifungia mdomoni.

Marsiana anaiweka karatasi hii mezani, kila anayetaka aisome tena, anapita katikati ya mabenchi, asishikwe mkono, asipewe pole, asifuatwe, anatoka, na mlango anaufunga mwenyewe.