Njia Panya na Mlinzi wa Lango

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa ua huu hadi barabarani, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake fundi redio, akiwa mtoto wa tano kati ya saba, na mama yake alizoea kusimulia kwamba siku alipoanza kutambaa alipotea kutwa nzima, akakutwa chini ya meza ya kazi amelala ndani ya kasha tupu, akitabasamu kama mtu aliyefika alikokuwa akienda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1979, na kwa kuwa aliliacha lango akapitia tundu la uzio nyuma ya vyoo, wenzake walimbandika jina la Njia Panya, ambalo hata mwalimu mkuu, aliyemchapa kwa ajili ya tundu hilo hilo, aliishia kulitumia. Alimaliza sekondari mwaka 1990, akapata stashahada ya kompyuta Desemba 1994, akatengeneza mashine za watu kwa miaka sita, hadi tarehe 5 Februari 2001 alipoajiriwa na kampuni ya kutunga michezo ya kompyuta, meza sita ghorofa ya tatu juu ya mafundi cherehani, ile michezo ambayo mchezaji anakuwa msafiri, anazurura katika nchi isiyokuwapo, anapambana na majitu na kujiamulia aende wapi.

Hapo alimkuta mwanahisabati wa meza ya dirishani, ambaye kazi yake ilikuwa kupima nguvu za majitu ili mchezaji asishinde kirahisi wala asionewe, wakaanza ubishi uliodumu zaidi ya miaka ishirini, Njia Panya akishikilia kwamba mtu aachwe aende popote tangu hatua ya kwanza, akienda kuliwa shauri yake, mwenzake akishikilia kwamba uhuru usiokutana na kizuizi humchosha mtu kabla ya chakula cha mchana. Walifunga ndoa tarehe 17 Mei 2003, wakiwa bado wanabishana, wakajaliwa binti mwaka 2005 na mvulana mwaka 2009.

Mchezo wao mkubwa ulikuwa na mji wa ukungu, na nyuma ya lango lake bustani ambayo msafiri aliifikia mwishoni, baada ya kumshinda jitu mlinzi, lakini mwaka 2016 binti yao aligundua kwamba ukipanga makasha sita ukutani unaruka ndani siku ya kwanza, na fimbo yako tu mkononi. Mama mtu akayaondoa makasha, Njia Panya akayarudisha asubuhi, yakaondolewa mchana, ikawa hivyo miezi minane, mpaka mwenye kampuni akachoka akaamua yaondoke moja kwa moja. Njia Panya aliumia, tusifiche, kwa wiki mbili alikunywa chai yake peke yake kwenye ngazi.

Novemba 2023 mapafu yalianza kumsumbua, na alipolazwa daktari akampangia hatua za kutembea wodini, kumi leo, kumi na mbili kesho, mkewe akizihesabu, naye tarehe 3 Januari 2025 akajipenyeza kwa mlango wa jikoni hadi bustani ya hospitali, akaanguka, na tangu hapo hakuinuka tena kitandani. Mkewe hakumgombeza, alikwenda kazini akalia, akamwondoa mlinzi mchezoni, akaacha lango wazi, kisha akampelekea kompyuta kitandani ili aingie bila kuzuiwa na mtu.

Alifariki tarehe 28 Januari, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwa mkewe. Juzi binti yake alipoifungua kompyuta hiyo alimkuta msafiri wa baba yake nje ya lango lililo wazi, ameketi chini kwenye ukungu, hajaingia, na pembeni baba ameandika kwamba mama amrudishe mlinzi, kwa sababu bila yeye lango hilo ni tundu tu, na maisha yake yote raha yake ilikuwa kumkwepa mlinzi huku akijua anamwona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyemkuta bustanini akambeba mgongoni, majirani waliotuletea viti kabla hatujaomba, na wafanyakazi wenzake wa meza sita. Mlinzi alirudi langoni jana, na ukutani, kwa mkono wa mkewe mwenyewe, yamepangwa makasha sita.

Pumzika kwa amani, Njia Panya, ukiruka ndani tutajifanya hatukukuona.