Ngwe ya Baba Furaha

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na ninyi wa mbele mlioitika kwa nguvu, asifiwe na ninyi mliokaa karibu na mlango, ambao najua mnaangalia wingu kama litafika kabla sijamaliza. Sitawachelewesha.

Mimi naitwa Editha, mama Furaha. Wengi mnanijua kwa dagaa, maana mnapita kwenye meza yangu sokoni, mnaonja na kuondoka. Kwetu ni Kabwe, chini ziwani. Huku juu nililetwa na ndoa. Mume wangu ni Venansi, fundi seremala, mwenye karakana pale Majengo. Leo yupo, amekaa upande ule wa wanaume, na kabla ya kusimama hapa nilimwomba ruhusa. Akasema, "Sema tu, ila usinifanye kichekesho." Nitajitahidi, ingawa amenipa kazi ngumu.

Ndugu zangu, mume wangu hakuwa mlevi. Hakuwa na mwanamke mwingine. Mume wangu alikuwa anacheza gemu.

Haya, chekeni. Hata mimi mwanzoni nilicheka. Ukiwa na mume mlevi, watu wanakupa pole na wengine wanakuja kukaa nawe. Ukiwa na mume wa gemu wanakuambia, "Sasa shida nini, si unajua alipo?" Ni kweli, nilijua alipo. Alikuwa kwenye banda la gemu la Ali, hatua chache kutoka karakana, amekaa kwenye benchi na pedi mkononi, anacheza mpira wa kwenye runinga na vijana ambao angeweza kuwazaa. Nilijua alipo, lakini sikuwa naye.

Alikuwa anakula chakula cha mchana, ananawa mikono, anasema, "Napiga mechi moja, narudi kazini." Sasa wenzangu, mechi moja ya mume wangu ilikuwa na wajukuu. Jua linazama hajarudi. Mbao zimelala karakanani hazijapigwa randa. Wateja wakawa wananifuata mimi sokoni kuuliza milango yao, mimi nimeshika sado ya dagaa, nawajibu nini? Akirudi nyumbani macho mekundu, anakaa, anakula, anajibu "ndiyo" kabla hujamaliza kuuliza.

Siku moja nilimjaribu. Nilipika maharage bila chumvi hata punje. Nikamwekea, nikakaa mbele yake nikimtazama. Alikula yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akasema, "Asante, mama Furaha, ni tamu." Nilienda nyuma ya jiko nikalia. Mtu akikugombeza kwa chumvi, angalau amekula chakula chako. Yule hakuwa amekula chakula changu. Iliniuma sana, nasema mbele zenu na yeye anasikia.

Basi mnaujua mji wetu. Wenye Kifipa chao wanasema jina lenyewe la Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Wengine huko nje wanatutania kwamba hatujautupa wote. Majirani wakaanza: "Huyo si bure. Mtu mzima anaitwa jina lake mara tatu hasikii? Amefungwa." Nami nikaamini. Nikaleta shati lake hapa hapa kwenye kikundi chetu, mkaliombea. Baadaye nikamleta na mwenye shati. Mnakumbuka? Alikuja bila ubishi, akapiga magoti, akaitika amina safi kuliko sisi sote. Kesho yake baada ya chakula, akanawa mikono. "Napiga mechi moja."

Ndugu zangu, sala yangu ilikuwa moja tu: Bwana, mwondolee kitu hiki. Nilisali hivyo asubuhi na jioni. Mwishowe nikachoka. Nikapanga nguo zangu na za mtoto, nikawapigia simu nyumbani Kabwe, nikawaambia natelemka na basi la kesho. Sikuwaambia kwamba sitarudi, lakini mama yangu alinisikia sauti tu akajua, akaniambia, "Njoo, mwanangu."

Lakini nimelelewa. Mwanamke hatoki kwenye nyumba ya watu kama mwizi. Nikampigia mama mkwe, yuko kijijini, huko uwandani, ili nimuage kwa heshima.

Nikamwambia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu mzima?"

Nikamwambia mzima. Halafu nikashindwa kuaga. Nikamwaga yote, milango, maharage, mechi. Mama mkwe ni mtu wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Akikaa hapo, anakaa mpaka lini?"

Nikasema, "Mama, hakuna mpaka. Ndiyo shida yenyewe."

Akasema, "Nenda kamwambie mama amesema ngwe yake ipo. Mpe ngwe yake, aimalize. Akiimaliza atainuka."

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo mtajua kwamba Mungu anatumia hata masikio mabovu. Mimi ni mtoto wa ziwani. Kwetu hatulimi, tunavua. Neno ngwe mimi nimelisikia wapi? Kwenye redio ya baba yangu, aliyekuwa hakosi mpira hata akiwa na homa. "Ngwe ya kwanza imemalizika! Tunaingia ngwe ya pili!" Kwangu mimi ngwe ni kipindi cha mpira, basi. Kwa hiyo nilielewa kwamba mama mkwe ananituma nikamwambie mwanawe acheze kipindi kimoja, akimaliza ainuke.

Nilikasirika kweli. Nikasema moyoni, ama kweli mwana ni wa mama. Mimi nalia, yeye anamgawia mwanawe muda wa kucheza! Lakini neno la mama mkwe halirukwi. Nikasema nitalifikisha kama lilivyo, kisha nipande basi langu nikiwa sina deni na mtu.

Nikaenda kwa Ali. Sikuwahi kuingia ndani ya lile banda, siku zote nilikuwa naita kutoka mlangoni. Siku hiyo niliingia. Vijana wakashtuka, wakanipisha kwenye benchi, "Shikamoo, mama." Venansi yeye macho yako kwenye runinga. Alijua nimekaa pembeni yake, maana alisogea kidogo, lakini hakugeuka.

Nikakaa. Na kwa kuwa swali la mama mkwe lilikuwa bado linanikera kichwani, nikawauliza wale vijana. Nikamwambia wa kwanza, "Mwanangu, wewe ukikaa hapa unapenda kukaa mpaka lini?"

Akasema, "Mimi mechi mbili tu, mama. Zikizidi kichwa kinauma, tena nina bodaboda ya mtu nje."

Wa pili akasema, "Mimi mpaka nishinde. Nikishinda naondoka na raha yangu, hata ikiwa ya kwanza."

Mwingine akacheka, akasema, "Mimi mpaka umeme ukatike," na Ali mwenyewe akadakia, "Huyo mshikaji ndiye ananilipia bati."

Nilishangaa sana. Kumbe watu wanacheza na wanatosheka! Mimi nilidhani wote waliomo mle ndani wameliwa na kitu kimoja. Kumbe yule ana bodaboda inamngoja, yule ana ushindi wake, hata yule wa umeme anajua kitu gani kitamtoa. Nikamgeukia mume wangu. Sikuuliza kwa ukali, ukali ulikuwa umeniisha. Nikasema, "Na wewe, baba Furaha? Wewe unakaa mpaka lini?"

Vidole vyake vinaendelea kubonyeza. Akasema taratibu, bila kugeuka, "Mpaka nisahau."

Banda lilikuwa na kelele, lakini mimi nilisikia. Nikamuuliza, "Usahau nini?" Akapiga pasi nyingine. Nami nikaona nifikishe ujumbe niliotumwa, yaishe. Nikasema, "Nimempigia mama yako. Amesema ngwe yako ipo. Uimalize, halafu uinuke." Nikaangalia runinga, nikaongeza na ya kwangu, "Naona bado kidogo tu ipulizwe filimbi."

Venansi akaweka pedi chini. Mpira unaendelea! Vijana wanapiga kelele, "Braza, braza, unafungwa!" Akafungwa, wala hakuangalia. Alikuwa ananitazama mimi, usoni, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Akasema, "Mama kasema ngwe yangu ipo?"

Nikasema, "Ndiyo. Si hiyo hapo?"

Akacheka. Alianza kwa kucheka, ndugu zangu, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Si hiyo, Editha. Si hiyo ngwe." Kisha kicheko kikageuka. Alilia pale kwenye benchi, mwanamume mzima, na wale vijana wakawa wapole, mmoja akapunguza sauti ya runinga.

Akanieleza. Kumbe ngwe ni kipande cha shamba. Kule kwao, marehemu baba mkwe alikuwa anatembea shambani jioni na jembe lake, anawakatia watoto mipaka: hii ngwe yako, hii ya dada yako, hii ya Venansi. Kesho yake kila mtu analima kipande chake. Ukimaliza umemaliza. Unatupa jembe, unaenda kuogelea mtoni au kulala, na hakuna mtu wa kukuongezea hata shina moja, hata baba mwenyewe. Na hata walipokuwa watu wazima, mzee aliendelea kumkatia kila mmoja ngwe yake ya msimu. Mwaka ule wa mwisho alimkatia Venansi, kisha akaugua, na kabla ya mvua kwisha tukamzika.

Mimi nilikuwepo mazikoni. Nilipika, nilibeba maji, nililia. Lakini sikuwahi kuunganisha, jamani. Tuliporudi mjini, mume wangu aliingia karakanani, akatazama mbao zilizobaki alipomchongea baba yake jeneza kwa mikono yake, akatoka, akavuka barabara, akaingia kwa Ali. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nami nikahesabu ni mchezo. Akaniambia, "Mle kwenye gemu, Editha, mechi ikiisha inaanza upya. Sifuri kwa sifuri. Kama hakuna kilichotokea."

Ndugu zangu, basi la Kabwe liliondoka bila mimi. Sisi tulipanda la upande mwingine, mimi na yeye na mtoto.

Tulimkuta mama mkwe ameketi nje anapepeta ulezi. Hakusema mengi. Alituongoza shambani. Ngwe za ndugu zake Venansi zote zimelimwa, zimejaa yale matuta ya duara mnayoyajua ninyi watu wa huku, nyasi zimefukiwa chini ya udongo zioze ziwe mbolea. Katikati kipande kimoja kimesimama nyasi, mpaka kifuani. Mama akasema, "Hatukuigusa. Baba yako alikukatia wewe." Venansi akasimama anatazama, na mama akaongeza, "Nyasi haziozi zikiwa zimesimama, mwanangu. Zifukie."

Akalima. Nami nilijaribu, nikatoka malengelenge mpaka watoto wa kijijini wakanionea huruma. Mume wangu alikuwa analima na kulia, analima na kunyamaza, kisha siku nyingine nikamsikia anapiga mluzi. Alipofukia rundo la mwisho alisimama wima, akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akaona mpaka. Hakuna zaidi. Mama mkwe akamwambia yale maneno ya mzee, "Umemaliza. Tupa jembe." Akalitupa, akakaa chini kwenye udongo, akapumzika kama mtoto.

Sikuja hapa kuwaambia gemu ni shetani. Vijana mlioletwa na mama zenu leo, pumueni. Venansi bado anaenda kwa Ali, siku ya Jumamosi. Anacheza mechi yake, ngwe zote mbili, na filimbi ikilia anainuka mwenyewe. Mara moja nilicheza naye, akanifunga bila huruma. Milango ya watu inatoka, nanyi wenye milango mnaitika kwa vichwa, nawaona.

Ninachowaomba ni hiki. Kama nyumbani kwako kuna mtu amekaa mahali hainuki, usianze na shati lake. Kaa naye kwenye benchi. Muulize anakaa mpaka lini, na umsikilize. Mimi nilimlilia Mungu aniondolee kitu kwa mume wangu, na Mungu wetu akanijibu kwa kumrudishia kitu chake kilichokuwa kinamngoja. Mtegemeeni Yeye. Hajampa mtu yeyote huzuni isiyo na mpaka. Anatukatia, kila mtu na ngwe yake, na upande wa pili anatungoja.

Nimalizie na siku ile ile aliyotupa jembe. Jioni mama mkwe aliniachia jiko, nami mikono imevimba, mwili wote unauma, nimepika maharage huku nasinzia. Nikatenga, ugali wa ulezi na maharage. Venansi akakata tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akanitazama.

Akasema, "Mama Furaha, leo umesahau chumvi."

Ndugu zangu, nilipiga magoti pale pale jikoni. Bwana asifiwe.