Fundi Mnyororo na Mpini wa Mwenza

Marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Mnyororo, aliaga dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2019. Wasifu huu umesemwa na mkewe wa kwanza na kuandikwa na binti yao mkubwa, kwa kuwa mama mtu hakupelekwa shule. Anayeusoma ni mdogo wake marehemu.

Kabla haujaandikwa palikuwa na maneno kidogo. Shemeji mtu, huyuhuyu anayesoma, alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akazungusha kofia mkononi.

"Shemeji, wewe tupe ya zamani tu. Kuzaliwa, shule, kazi, mpaka ile mashine. Ukifika hapo mwachie mwenzio amalizie. Na kwenye orodha ya waliobaki tutaweka mke mmoja, watu wasije wakaanza kunong'onezana kaburini."

"Kwa hiyo mimi niwe nani? Jirani?"

"Usinielewe vibaya. Ni kwa ajili ya amani."

"Amani ya nani?"

Shemeji akaivaa kofia, akaivua tena. "Basi sema yote. Ila usiseme kwa hasira."

"Hasira inataka nguvu," alijibiwa. "Mimi nimechoka tu. Maji nimeshayavulia nguo, niache niyaoge."

Ndivyo walivyokubaliana, na msomaji ameahidi kwamba hataruka mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji la wote. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alipaka grisi mabehewa, mama yake alishona magunia. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia kwamba huyu mwanawe alitambaa kinyumenyume, uso ukiangalia alikotoka, mpaka makalio yagonge ukuta. Wenzake walikuwa wakienda mbele na kufika. Yeye alifika vilevile, ila kila mara alishangaa kwamba amefika.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Hesabu aliziweza, imla haikumpenda. Alipokuwa darasa la tano aliifungua baiskeli ya mwalimu mkuu wakati wa mapumziko, akitaka kujua kwa nini pedali zikirudishwa nyuma gurudumu haligeuki. Kengele ilipolia alikuwa ameshaifunga yote, lakini nati moja ilimbaki mkononi.

"Na hii?" mwalimu mkuu akauliza.

"Hiyo ni ya ziada, mwalimu."

Mwalimu mkuu alimchapa kwanza, ndipo akaipanda. Baiskeli ikaenda vizuri kuliko jana yake. Tangu siku hiyo mpaka mwisho wa maisha yake, kila alichokiunda kilibakiza nati moja, na kila alipoulizwa jibu lilikuwa lilelile.

Mwaka 1976 aliingia kujifunza ufundi kwa mtengeneza baiskeli wa pale njia panda. Jioni alirudi nyumbani amejivika minyororo mibovu shingoni akaiunge, na hapo ndipo jina lilipopatikana. Mwaka 1984 alihamia kwenye uchomeleaji, akapata kibanda chake nyuma ya karakana ya reli. Hakuwa mtu wa maneno. Mteja akimwambia, "Fundi, hii itadumu?" alikuwa akijibu, "Wewe utachoka kwanza."

Alifunga ndoa na mkewe wa kwanza siku ya Jumamosi, tarehe 22 Aprili 1989. Mwanamke, mfupi wa kimo, alikuwa mfagiaji wa barabara wa manispaa, na toroli lake la takataka lilikuwa likipita mbele ya kibanda kila asubuhi.

"Dada, hilo gurudumu linalia," fundi alimwambia.

"Lilie. Mbona mimi silii?"

Alitengeneza gurudumu. Wiki iliyofuata likalia tena, na wiki iliyofuata pia, mpaka dada akagundua kuwa fundi huwa anailegeza nati kwa makusudi ili toroli lirudi. Walijaliwa mabinti wawili, mwaka 1990 na mwaka 1994.

Sasa tufike kwenye mashine, kwa kuwa ndiyo iliyowaleta hapa wengi wenu.

Fagio la mfagiaji wa barabara ni fupi. Ukilishika unainama, na ukiinama tangu alfajiri mpaka saa nne mgongo unasahau njia ya kurudi. Mwaka 1997, jioni moja, mkewe alikaa kwenye ukingo wa kitanda akashindwa kuifikia kamba ya kiatu. Marehemu alipiga magoti akaifungua. Hakusema pole. Kesho yake aliingia chumbani na magurudumu mawili ya baiskeli, akayaegemeza kwenye kabati la vyombo, na hayakutoka tena.

Wazo lilikuwa rahisi kusema. Mtu asukume akiwa amesimama wima, magurudumu yazungushe brashi ya duara, brashi itupe taka kwenye sanduku lililo mbele. Bila injini, bila mafuta. Kutenda ndiko kulikokula miaka. Brashi ya kwanza aliizungusha kwa mnyororo, na kwa kuwa mnyororo hupeleka vitu vyote upande mmoja, brashi ilizunguka sawa na magurudumu na kutupa taka nyuma, kwenye miguu ya msukumaji. Msukumaji alikuwa mkewe. Alikula vumbi la mtaa mzima.

"Umetambaa kinyumenyume tena," alimwambia mumewe, akitema.

Dawa yake ilikuwa gia mbili zilizong'olewa kwenye winchi mbovu. Gia zikiumana meno, moja ikienda huku nyingine huenda kule. "Kama mimi na wewe," marehemu alisema, na hiyo ilikuwa mojawapo ya siku chache alizotania. Njiti za chelewa za ile brashi zilikatika upesi, akazibadilisha kwa kanda ngumu za plastiki zinazofungia maboksi. Vumbi lilipotoka pembeni aliishonea mashine sketi ya mpira wa tyubu, ikafagia huku imejisitiri.

Majirani walikuwa na neno kila asubuhi mama huyu alipotoka kuijaribu. "Mama, unampeleka mtoto kliniki?" mmoja aliuliza.

"Siyo mtoto," alijibu. "Nimeletewa mke mwenza. Anakula chumba, anakunywa grisi, usiku baba anamshika kuliko anavyonishika mimi."

Mtaa ulicheka wiki nzima. Wafagiaji wakalichukua jina, wakalikata, na mpaka leo mashine hiyo haina jina jingine kwenye stoo za manispaa. Ni Mwenza.

Mpini ndio uliokuwa wa mwisho. Marehemu alimsimamisha mkewe kwenye mwimo wa mlango, chaki mkononi, apime kiwiko kilipo.

"Simama kama unavyosimama ukiwa hujachoka."

"Sikumbuki ninavyosimama nikiwa hujachoka," alimjibu, na ulimi ulivyoteleza wakacheka wote wawili. "Nikiwa sijachoka, sikumbuki."

"Basi nitapima kesho asubuhi."

Akapima kesho yake asubuhi, mkewe alipotoka tu kitandani, akaweka alama ya chaki mlangoni na kukata bomba la mpini kwa kipimo hicho.

Mwezi Agosti 2003 manispaa iliikubali mashine. Palikuwa na sherehe uwanjani, viti, kipaza sauti na hema. Mkewe alikuwepo, amesimama na wafagiaji wenzake, amevaa sare. Chini ya hema, kando ya marehemu, alikaa mwanamke mwingine, mrefu, muuzaji wa duka la rangi alikonunua rangi ya mashine. Mshereheshaji aliuliza, "Fundi, nani alikuwa wa kwanza kuisukuma?"

Marehemu akasema kwenye kipaza sauti, "Tuliijaribu na watu wa mtaani."

Hivyo ndivyo alivyosema. Mtu anaweza kuvumilia mengi, lakini kuitwa watu wa mtaani na aliyekufungulia viatu ni jambo linalokaa mwilini. Januari iliyofuata marehemu alihamisha nguo na vyombo vyake vya kazi. Dirishani ilibaki nati moja. Mkewe hakuhitaji kuuliza ni ya nini.

Kwa mke wa pili alijaliwa mtoto wa kiume mwaka 2006. Kazi iliendelea, Mwenza wakaongezeka, hata miji mingine ikaagiza. Mabinti hakuwatupa, hilo lisemwe.

Mkewe wa kwanza aliendelea na kazi ya manispaa, na katika miaka yote hiyo hakuishika ile mashine. Msimamizi alimpangia, akakataa. Alifagia kwa fagio la mkono, peke yake katika idara nzima, na wenzake wakamtania, "Bi Mkubwa, mwenzako anakungoja stoo." Aliwaambia waendelee naye, yeye hagombanii mume na chuma. Mgongo wake ndio uliolipa, na ulilipa kila siku.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka 2017 kwa kikohozi. Mganga hajigangi: aliyewashonea wengine sketi ya kuzuia vumbi, yeye mwenyewe alisaga chuma miaka zaidi ya thelathini bila hata kitambaa puani. Madaktari walisema ni mapafu. Mwezi Mei mwaka huu alilazwa na hakutoka tena. Wake zake wawili walikaa kwenye benchi moja nje ya wodi, kila mmoja kwenye ncha yake, na kwa siku kadhaa mazungumzo yao yalikuwa "Amekunywa uji?" na "Amekunywa kidogo."

Siku moja mke mdogo alijinyoosha, akashika kiuno, akaguna.

"Una nini?" Bi Mkubwa aliuliza, bila kutaka sana kujua.

"Mgongo, dada. Mashine zake hizi. Kila mpya alikuwa ananiambia niijaribu, na mpini mfupi, naisukuma nimeinama kama naokota sindano. Nikamwambia aongeze bomba. Hataki. Manispaa wamemwandikia, wafagiaji warefu wanamlaani, hataki. Anasema ukiongeza bomba mashine inaharibika."

"Haiharibiki. Bomba ni bomba."

"Najua. Sasa nimwambie nini, mtu mbishi vile?"

Bi Mkubwa aliinuka. Uani mwa hospitali palikuwa na mfagiaji akisukuma Mwenza, kijana mrefu, mgongo umepinda. Alimwendea akamwambia, "Mwanangu, niazime kidogo." Akaushika mpini. Kiwiko kilikaa palepale kilipokaa kwenye mwimo wa mlango, mwaka ule, asubuhi, alipokuwa hajachoka. Hakuinama wala kuinua bega. Mashine iliyoundwa ili watu wasipinde imewapinda nusu ya wafagiaji wa nchi hii, na mtu mmoja tu iliyemkaa sawasawa ndiye aliyekataa kuigusa.

Alirudi wodini. Marehemu alikuwa na mpira wa hewa puani.

"Kwa nini hukuongeza bomba?"

Alivuta pumzi muda mrefu. "Kipimo kingine sikuwa nacho."

"Mkeo mrefu. Ulikuwa naye kila siku. Ungempima."

Akafumba macho. Neno samahani halikutoka, na lisiongezwe hapa kwa kupamba. Wengine watasema yale yalikuwa mapenzi. Mkewe anasema ulikuwa ukaidi. Yawezekana vyote vilikaa nyumba moja, yeye amewahi kukaa navyo. Ila hakuna kipimo kinachomrudishia mtu miaka aliyopotezewa, na huyu mama sasa ana miaka hamsini, si yule wa alama ya chaki.

Jana, idara ilileta Mwenza mmoja ili njia ya kuja hapa isafishwe kabla ya watu kufika. Msimamizi alimtafuta kijana wa kuisukuma. Bi Mkubwa akasema, "Lete." Wenzake walimpisha, hata wale watani. Alisukuma kutoka mlangoni kwa marehemu mpaka kwenye lango hili la makaburi mlilopitia, majani na karatasi vikaingia sandukuni, vumbi likabaki chini ya sketi. Alipofika hapa alisimama, akangoja mgongo uanze kama unavyoanza siku zote.

Haukuuma. Huo ndio ushahidi wake juu ya marehemu, na hana mwingine wa kuongeza.

Marehemu ameacha wajane wawili, mmoja mfupi na mmoja mrefu, watoto watatu, wajukuu wawili, kaka mmoja, dada mmoja, na mdogo wake huyu aliyetimiza ahadi ya kusoma mpaka hapa. Wafagiaji warefu wanaombwa wapite kibandani kwake wiki ijayo. Binti mkubwa amejifunza kuchomelea, na mama yake amemwambia aongeze bomba kwenye mashine zote, isipokuwa moja.

Fundi amemaliza zamu yake. Apumzike kwa amani, na sisi tuliochoka tutamfuata zamu zetu zikiisha.