Kinasa Sauti cha Benchi la Tatu

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Mama Kinasa atafunga mlango wa ofisi ya misheni na kumkabidhi mchungaji ufunguo alioutunza kwa miaka thelathini na moja. Alipoanza kazi, akiwa karani msaidizi, ofisi ilikuwa kona ya stoo nyuma ya ukumbi, kati ya viti vya harusi na ngazi ya kubadilishia balbu. Anastaafu akiwa katibu wa huduma ya wamisionari, na ofisi bado iko kwenye kona ileile. Kilichohama ni ngazi tu.

Kwa wageni kanisani, kazi yake ni hii. Kanisa letu limewatuma watu ng'ambo: mwalimu wa ufundi na mkewe, mfasiri wa Biblia, na mkunga. Siku ya kuwaaga tunawawekea mikono, tunalia, tunapiga picha. Kisha Jumatatu inafika, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na anayebaki kuwakumbuka kwa majina ni Mama Kinasa. Anajua namba ya kiatu ya mfasiri. Anajua mke wa mwalimu hapendi sabuni yenye harufu kali. Kila kifurushi kabla ya kwenda posta hukidondosha kutoka mezani hadi sakafuni, kwa sababu kifurushi kisichostahimili meza, anasema, hakina safari. Mhazini wetu aliwahi kufunga saa ya ukutani kwa gazeti moja tu, nayo ikafanyiwa mtihani huo mbele ya kamati nzima. Tangu siku hiyo mhazini akifunga hata kalamu, utadhani anamvisha mtoto mchanga.

Jina lake limetokana na kinasa sauti. Kila Jumapili hurekodi ibada na kuwapelekea waliotumwa. Zamani zilikuwa kanda, siku hizi rekodi hutumwa kwa simu, lakini utaratibu ni uleule: anawahi kabla ya kengele, anaweka kinasa kwenye kizingiti cha dirisha, anaketi kando yake, na hafungui mdomo hadi baraka ya mwisho. Haimbi. Akitaka kupiga chafya, hutoka nje.

Sasa, dirisha lenyewe ndilo lililotutia udadisi. Mtu yeyote angekiweka kinasa karibu na mimbari, au mbele ya kwaya. Yeye alikiweka ubavuni mwa benchi la tatu, pale anapoketi mzee seremala aliyeyatengeneza mabenchi hayo. Na mzee yule alikuwa na kikohozi. Mwenyekiti wa kwaya alilalamika kwamba kwenye rekodi waimbaji wake wanasikika kama wako mtaa wa pili, wakati mzee anakohoa sikioni mwa msikilizaji. Wengine walisema Mama Kinasa amezoea tu pale, wengine wakasema hewa ya dirishani inamfaa. Alipoulizwa kwenye kikao alijibu, "Mahubiri yamo kwenye Biblia. Kikohozi hakimo." Wajumbe wakacheka, ajenda ikasonga.

Wachunguzi hatukuishia hapo. Kanisa lilipopakwa rangi, kinasa kilihamishiwa upande wa pili, chini ya saa. Jumapili iliyofuata mzee naye alikuwa chini ya saa. Jirani yake alituapia kwamba siku za kazi, pamoja na vumbi lote la mbao, hajawahi kumsikia akikohoa. Daktari anayeabudu nasi alimbembeleza ampime kifua, akarudi akikuna kichwa: kifua kizima, pumzi za kijana.

Jambo moja tulilijua sote, ila hatukuliunganisha na hilo. Yule mkunga wetu ni binti wa mzee huyo, mtoto wake wa pekee, na mama yake alishafariki. Mzee hakutaka aende. Alisema mtoto havuki bahari kupokea watoto wa watu huku baba yake hana wa kumfumba macho. Siku tulipomwekea binti mikono, nafasi ya mzee ilikuwa tupu. Hawakuzungumza tena. Alipigiwa simu, hakupokea. Salamu zilimfika, akanyamaza.

Kisha yakatokea ya mwaka juzi. Mama Kinasa alikuwa likizo kwa dada yake, na fundi mitambo wetu, kijana mwenye moyo wa kujituma, akashika zamu. Kinasa alikiweka palepale alipoelekezwa. Lakini nyumbani aliisafisha rekodi kwa kompyuta: akaondoa mikwaruzo ya mabenchi, vilio vya watoto, mlango, na kikohozi. Kwaya iling'ara. Kamati iliisikiliza ikasifu, mwenyekiti wa kwaya akaomba nakala. Rekodi zilizofuata zikatoka safi vilevile.

Mwishoni mwa mwezi mkunga alimpigia simu mchungaji. Hakusalimu. "Niambieni tu," alisema, "baba mmemzika lini?"

Mchungaji alimwambia baba yake yu hai na jana alikuwa akitengeneza mlango wa ofisi. Hakuamini. Alikulia hapa, anatujua: aliye mbali hafichuliwi msiba kwa simu, hupewa maneno matamu hadi afike nyumbani. Kadiri mchungaji alivyoapa, ndivyo alivyozidi kuithibitisha hofu yake. Mkunga alikwisha kuomba kuondoka, sanduku lilikuwa limefungwa. Kule aliko yeye ndiye mkunga pekee, na kina mama wajawazito walikuwa wanamtegemea.

Mama Kinasa alikatisha likizo. Aliisikiliza ile rekodi hadi mwisho, akavua vipokea sauti, wala hakumgombeza mtu. Alimwomba mchungaji amfuate, wakaenda kwa mzee. Yanayofuata tumesimuliwa na mchungaji, na mzee mwenyewe ameruhusu yaandikwe. Walimkuta anapiga randa. Mama Kinasa akamweleza kwamba binti yake anamdhania amekufa, na kwa nini. Mzee aliendelea na randa yake mpaka ubao ukaisha. Halafu akauliza hicho kinasa kiko wapi.

Leo hakuna kinasa, Mama Kinasa alimjibu. Akapiga namba, akaiweka simu juu ya meza ya seremala, katikati ya maranda, akasogea nyuma.

Mzee akakohoa.

Upande wa pili sauti ya binti ikauliza, "Baba, miaka yote hii hujaenda hospitali na kikohozi hicho?"

"Siumwi," mzee akasema. "Nilitaka ujue nipo."

Mchungaji na Mama Kinasa wakatoka nje wakawaachia simu. Iliporudi ilikuwa ya moto kama pasi, na chaji imekwisha. Sanduku la mkunga lilifunguliwa siku hiyohiyo. Siku hizi wawili hao huzungumza kila wiki, na taarifa zinasema wanabishana sana, jambo linaloonyesha afya njema.

Tulimuuliza Mama Kinasa alijuaje. Alisema mara ya kwanza mzee alipokohoa alitazama kinasa kwanza, kama mtu anayepiga hodi. Yeye akakisogeza karibu. Hawakuwahi kulizungumzia.

Tulipomwandikia mkunga kwamba Mama Kinasa anastaafu, tulitarajia aombe apelekewe picha. Aliomba jambo jingine: kwa miaka yote amemsikia kila mmoja wetu, hata mlango, ila mtu aliyeketi kando ya kinasa hajawahi kumsikia. Kwa hiyo Jumapili iliyopita fundi mitambo ndiye aliyewahi kabla ya kengele na kukiweka kinasa dirishani. Mzee alisogea, akapiga ubao wa benchi kwa kiganja, na Mama Kinasa akaketi hapo akaimba beti zote. Ukweli usemwe: kwa kunyamaza kwake, ameisitiri kwaya yetu kwa muda mrefu. Mwenyekiti wa kwaya alifumba macho, tunaamini kwa maombi. Fundi mitambo aliituma rekodi bila kugusa noti hata moja, na jibu la mkunga lilikuwa fupi: "Sasa mmetimia."

Mama Kinasa, ahsante kwa kila kifurushi kilichoanguka salama, na kwa kutufikisha masikioni mwa walio mbali jinsi tulivyo. Nenda kapumzike vema, Mungu akujalie afya na siku nyingi zenye furaha. Nafasi yako ni benchi la tatu. Na Jumapili utakayokosa nguvu za kuimba, kohoa tu, tutajua upo.